Shangazi, mlezi wa mradi anataka tuandike wanufaika 30, na sisi tunao 9

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mwanza. Naomba usikitaje hata ukikihisi. Tuko wanne kwenye timu, mimi ndiye kiongozi, na kinachoninyima usingizi ni ripoti inayotakiwa mwisho wa mwezi wa tatu.

Mwaka jana chuo kilitangaza mfuko wa ruzuku kwa miradi ya wanafunzi inayotatua kero za jamii. Tukaomba, tukaitwa kujieleza mbele ya majaji, tukapita. Ruzuku yetu ni shilingi 6,000,000 kwa awamu mbili: 3,500,000 za kuanzia, na 2,500,000 ripoti ya kwanza ikikubaliwa. Kila timu ilipewa mlezi, yaani mhadhiri wa kuishika mkono. Wetu ni Dokta mmoja wa masomo ya biashara, mtu mwenye heshima zake, na bila sahihi yake awamu ya pili haitoki.

Wazo letu ni la dagaa. Mwenzetu mmoja amekulia mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na mama yake ni mwanikaji. Ndiye aliyetuambia kwamba mvua ikishika siku mbili mfululizo, mtaji wa mama yake unaishia kuwa chakula cha kuku. Tukajenga banda la nailoni kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, ndani tukaweka vichanja vinne vya mirunda na nyavu, ili dagaa wakauke bila kulowa wala kushika mchanga. Lilikamilika katikati ya mwezi wa kwanza. Siku ya uzinduzi walikuja akina mama 30, tukawapa soda na nauli ya shilingi 5,000 kila mmoja, wakasaini karatasi ya mahudhurio. Dokta alikuwepo, alihutubia, picha zipo.

Mwezi wa pili tulirudi kufanya tathmini, tukalala huko huko. Usiku mbalamwezi ilikuwa imejaa, ziwa lote linang'aa, tukapiga picha ambazo hata wewe ungezipenda. Lakini banda lilikuwa tupu. Tulipouliza, ni akina mama 9 tu waliosema wamewahi kuanika humo. Wengine walituambia, kwa upole tu, kwamba mchanga unawatosha. Mmoja alisema dagaa wake walitoka bandani wana harufu na wamegeuka njano, mchuuzi akawakataa.

Nilipompelekea Dokta rasimu yenye 9, alinipigia simu. "Unataka kunyimwa fedha? Orodha ina watu 30 na sahihi zao. Wanufaika ni hao." Anasema miradi yote huandika hivyo. Tena hataki awamu ya pili irudi kwenye banda. Anataka tutengeneze programu ya simu ya kuwaunganisha waanikaji na wanunuzi, kwa kuwa mashindano ya kitaifa kama MAKISATU yanapenda teknolojia na vichanja "havina mvuto". Sisi tulikuwa tumepanga kumwaga zege na kusimamisha nguzo za chuma ili banda lidumu. Ameongeza kwamba ataandika makala ya kitaaluma kuhusu mradi, na jina lake litatangulia.

Timu imegawanyika. Mmoja anasema nisaini, hiyo ni karatasi tu. Yule wa mwaloni hasemi kitu. Wa nne yuko Dar es Salaam kwenye mafunzo kwa vitendo tangu mwezi wa kwanza, hajashiriki tathmini, ila anaulizia posho yake. Isitoshe, mirunda tulinunua kwa mzee wa kando ya barabara asiye na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na mhasibu anadai risiti. Kuna mtu amejitolea kututafutia risiti ya EFD ya kiasi kile kile, tumpe asilimia kumi.

Shangazi, mitihani ya kumaliza chuo inakuja. Nisaini 30, niandike 9 tukose fedha, au nijitoe?

Wa Kichanja, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Usisaini 30. Hilo tulimalize mapema, maana ndani ya barua yako kuna jambo kubwa kuliko hilo, na umelipita bila kugeuka nyuma. Umeniandikia kwamba siku mliyokwenda kufanya tathmini mbalamwezi ilikuwa imejaa. Ukaiweka kwenye habari ya picha. Mahali pake ni ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Taa inashushwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavuvi wanawazungushia nyavu. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa unamezwa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi mingi inabaki imeegeshwa ufukweni. Kazi ni wakati wa giza. Kwenye mbalamwezi watu wanashona nyavu, wanalipana madeni, wanakwenda kusalimia wazazi Sengerema na Ukerewe. Kwa hiyo mlikwenda kuhesabu waanikaji katika juma ambalo hakukuwa na cha kuanika, mkashangaa kukuta banda tupu.

Mwenzenu aliyekulia mwaloni anayajua haya tangu hajaanza shule. Ama hamkumuuliza, ama aliona vibaya kuwasahihisha. Ukimaliza kusoma hapa, mtafute huyo kwanza kabla ya Dokta. Kwenye timu yenu yeye ndiye mlezi wa pili, ila hakuna aliyempa cheo.

Halafu kuna majira. Banda lilikamilika katikati ya mwezi wa kwanza, vuli imeshapita na masika bado. Mwezi wa kwanza na wa pili Mwanza mara nyingi mvua hupungua na jua linawaka, mchanga unachoma nyayo, na dagaa aliyemwagwa asubuhi jioni anazolewa. Mama gani atabeba ndoo kichwani kuzipeleka bandani, apange foleni ya vichanja vinne, wakati ufukwe mzima ni wake na bure? Waliokwambia mchanga unatosha hawakuukataa mradi wenu. Walikujibu kwa hali ya siku ile. Ungewauliza mwezi wa nne, mvua imepiga tangu alfajiri na ndoo za dagaa wabichi zimejipanga chini ya turubai, ungepata jibu jingine.

Sasa geuza swali. Badala ya kuhangaika kwa nini 21 hawakuja, waulize wale 9 kwa nini walikuja wakati jua lilikuwa la bure. Mimi nina dhana yangu. Nenda soko la Kirumba Mwaloni asubuhi, simama karibu na mnunuzi anayepeleka mzigo mbali, Kongo au Burundi. Anachota kiganja, anapepeta, anatia mmoja mdomoni na kutafuna taratibu akisikiliza mchanga kwenye meno. Gunia likikwaruza, bei inashuka, au linahamishiwa upande wa wanaonunua chakula cha mifugo. Dagaa wa Mwanza wamebeba jina baya la mchanga nchi nzima, wewe mwenyewe umeshasikia watu wa Dar wakiwasifia wa Kigoma mbele yako. Huenda wale 9 wanauza kwa mtu anayetafuna kabla ya kulipa. Kama ndivyo, kichanja chenu kina kazi mbili: kuokoa mali wakati wa mvua, na kupandisha daraja la mali wakati wa jua. Hiyo ya pili hamkuiandika hata kwenye maombi, na labda ndiyo itakayolipa.

Dhana si ripoti, kwa hiyo kapimeni. Nunua daftari la shule la shilingi mia chache, mkabidhi Mama Mwenyekiti wa kikundi cha waanikaji au binti yake anayejua kuandika. Kila siku ya kuanika aandike tarehe, jina la mwenye mali, ndoo ngapi, wameanikwa mchangani au kichanjani, mvua ilinyesha au la, waliuzwa kama chakula cha watu au cha kuku, na bei. Basi. Msiongeze dodoso la kurasa kumi lenye "je, unaridhika kwa kiasi gani". Mama ameamka saa tisa usiku kusubiri mitumbwi, hana muda wa kuridhika kwa kiasi.

Hilo linahitaji giza kadhaa za masika, nanyi ripoti mnatakiwa kuileta mwisho wa mwezi wa tatu. Ombeni muda. Kwenye mambo ya ruzuku hili ni la kawaida kabisa: kuongezewa muda bila kuongezewa fedha. Wafadhili wengi hulikubali likiombwa kabla ya tarehe kufika na likiwa na sababu inayoeleweka. Likija baada ya tarehe linaitwa kuchelewa, na hapo mlango ni mwingine. Sababu mnayo, tena nzuri: teknolojia ya msimu wa mvua imepimwa msimu wa jua.

Tuje kwa Dokta.

Sitamtukana mlezi wako, na wewe usimtukane kwenye kundi la WhatsApp la timu. Mtu huyu ameona ripoti nyingi, anajua zipi hupita haraka, na pengine anaamini anawasaidia. Kosa lake ni kwamba amechukua karatasi ya soda akaifanya karatasi ya manufaa. Sahihi ya kupokea nauli haithibitishi kwamba mtu ameanika dagaa. Na angalia vizuri ni nani anayesaini ripoti ya timu: ni kiongozi, yaani wewe. Siku mkaguzi akienda mwaloni na ile orodha, akamuuliza mama wa kumi na nne "ulianika lini bandani?", jina litakaloitwa ofisini halitakuwa la Dokta. Akina mama nao hawatadanganya kwa ajili yenu, na kwa nini wadanganye?

Ila huna haja ya kumshinda. Mpe 30 yake, uipe jina lake halisi. Ripoti iseme: waliohudhuria uzinduzi, 30, waliotumia vichanja kati ya katikati ya Januari na tarehe ya tathmini, 9, hali ya kipimo, jua kali na mbalamwezi. Namba zote mbili zipo, hakuna iliyofichwa wala iliyovalishwa nguo ya mwenzake. Ofisi ya mfuko ikiwa na watu wanaojua kazi, itaheshimu 9 yenye maelezo kuliko 30 laini. Mwezi wa pili wa mradi wa wanafunzi hakuna anayetegemea muujiza.

Mwandikie, usimpigie. Simu haiachi alama, na kwenye simu mwanafunzi humalizia "sawa Dokta" hata kama si sawa. Andika namna hii, kwa maneno yako:

"Shikamoo Dokta. Asante kwa maoni yako juu ya rasimu. Tumetenganisha waliohudhuria (30) na waliotumia (9) ili ripoti isije ikahojiwa baadaye. Tumegundua tathmini ilifanyika kipindi cha mbalamwezi na kabla ya masika, hivyo tunaomba kibali chako tuombe ofisi ya mfuko ituongezee muda hadi mwisho wa mwezi wa tano bila fedha za ziada. Rasimu ya barua nimeiambatanisha. Tungependa pia tuonane kuhusu matumizi ya awamu ya pili. Naomba uniambie siku utakayokuwa na nafasi."

Tazama kwamba hukumwambia amekosea. Umempa barua iliyoandikwa tayari, na watu wenye shughuli nyingi hupenda kusaini kilichoandikwa tayari. Akijibu kwa maandishi "andikeni 30", hapo nenda kwa mratibu wa mfuko na rasimu zako zenye tarehe, umweleze kwa adabu, uombe mwongozo. Sidhani kama atayaandika hayo. Watu husema kwenye simu mambo wasiyothubutu kuyaandika.

Kuhusu programu ya simu, hapo nina ukali kidogo. Waanikaji wengi niwajuao wana vitochi, na wenye simu janja wanatafuta bando kama wanavyotafuta chumvi. Hilo lenyewe lingevumilika. Linaloua wazo ni deni. Mama anayeanika mara nyingi ameshachukua fedha kwa mchuuzi kabla ya mtumbwi kurudi. Mtaji ni wa mchuuzi, na mali ikikauka ni ya mchuuzi, kwa bei ya mchuuzi. Umuoneshe kwenye simu mnunuzi wa Kahama anayelipa zaidi, atakuangalia tu. Hana dagaa wa kumuuzia, ana dagaa wa kulipia deni. Muulize Dokta, yeye ni mtu wa biashara, programu itamtoaje mama kwenye deni hilo. Akiwa na jibu zuri, lisikilize kweli. Akikosa, mkumbushe kwamba majaji wa mashindano wapo siku moja na akina mama wapo mwaka mzima.

Lakini hata mpango wenu wa zege sikubaliani nao, msije mkadhani nimewapendelea. Banda liko umbali gani kutoka majini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mirunda iliyochimbiwa na inayong'oleka unaweza kuitetea mbele ya serikali ya mtaa na wasimamizi wa mwalo. Zege na nguzo za chuma huwezi. Mtatumia milioni mbili na nusu kujenga kitu ambacho ofisa yeyote aliyeamka vibaya anaweza kukipiga alama ya X nyekundu. Pimeni kwa futi kamba kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Tena ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda yakala fukwe na mabanda ya watu pande zote za Victoria, na waliokuwa na vichanja vya kuhamishika walihamisha.

Fedha ya awamu ya pili ina kazi iliyo wazi zaidi, na yule mama wa dagaa wa njano ndiye aliyewapa. Banda lenu linapika. Dagaa mbichi ni maji matupu. Nailoni ikifunga pande zote, joto linapanda, maji yanatoka kwenye samaki na kubaki yananing'inia humo humo, samaki anaiva kwa mvuke wake, mafuta yake yanachacha, anageuka njano, anatoa harufu. Banda la kukaushia linataka upepo: hewa iingie chini, itokee juu, na dagaa wapangwe tabaka moja wageuzwe. Kateni matundu chini pande mbili, mfungue juu, myawekee chandarua dhidi ya nzi. Kazi ya siku moja. Na kama nailoni mliyonunua ni ile ya kawaida ya dukani, jua la ziwani litaipasua ndani ya miezi michache. Ipo ya kitalu nyumba iliyotiwa dawa ya kuhimili jua, bei yake inauma lakini inakaa miaka. Hapo ndipo ningepeleka fedha, na kinachobaki mkinunulie vichanja vya ziada.

Haya si ya kukisia na YouTube. Mna bahati ya kusoma Mwanza. Chuo cha uvuvi, FETA, kipo Nyegezi, kuna watu wanaofundisha uchakataji wa samaki kila siku. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapa hapa mjini. Vichanja vya kuanikia dagaa wanavijua miaka mingi kabla hamjazaliwa, kwa hiyo kwenye ripoti lifuteni lile neno "ubunifu wetu wa kipekee", ambalo najua limo. Mwombeni mtu mmoja wa FETA aje mwaloni nusu siku, mlipie nauli na chakula. Hakuna kanuni inayosema mradi uwe na mlezi mmoja. Dokta ni wa hesabu na maandishi, huyu awe wa samaki, na mzee mmoja wa mwalo awe wa mambo ya mwalo. Mlezi mmoja akibeba yote matatu, mawili anayakisia.

Jina kwenye makala: lisikuzuie kulala. Mwulize mapema, kwa maandishi, nani atafanya nini, na mkubaliane majina kwa kazi. Akiandika yeye na takwimu zikiwa zenu, nanyi mmo. Kataa jambo moja tu, makala kutoka na 30 ndani yake.

Risiti ya asilimia kumi, kimbia. Risiti ya EFD ina msimbo ambao mtu anauskani kwa simu na kuona duka, saa na mali iliyouzwa. Mhasibu akiskani mirunda akakuta duka la vipodozi, umegeuza tatizo dogo la karatasi kuwa kughushi. Rudi kwa yule mzee wa mirunda na kitabu cha risiti cha kawaida, aandike jina, simu, idadi, bei, tarehe, aweke sahihi au dole gumba. Ambatanisha picha ya mirunda na maelezo mafupi kwamba muuzaji hana mashine. Nenda kwa mhasibu mwenyewe, mwulize chuo kinataka fomu gani kwa manunuzi ya aina hiyo. Vyuo vingi vinayo. Akikataa kabisa, hiyo mirunda mtachangishana, inauma lakini haimfukuzi mtu chuo. Na kuanzia sasa, swali la risiti liulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Wa Dar es Salaam: angalia bajeti iliyopitishwa. Kama ina posho ya kazi, analipwa kwa kazi aliyofanya, yaani hadi mwezi wa kwanza. Kama haina, hakuna mtu wa kudai. Mwambie bado ni mwanatimu, na kuna kazi anayoweza kuifanya huko huko aliko: aende masoko ya huko aulize bei ya dagaa wa Mwanza wenye mchanga na wasio na mchanga, atume picha na majina ya masoko. Akifanya hivyo timu itafaidika naye kuliko ilivyofaidika mwezi mzima uliopita.

Umeuliza kama ujitoe. Kujitoa sasa utamwachia nani? Mwenzako wa mwaloni atabaki na mama yake na banda linalopika. Lakini ni kweli unamaliza chuo, na hili hamkuliwaza: banda ni la nani siku mkivaa majoho? La chuo? Lenu? La kikundi? Likibaki la kila mtu, nailoni itakayochanika mwezi wa nane hakuna atakayeishona. Andikeni hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja kati ya timu na kikundi, ishuhudiwe na serikali ya mtaa, iseme nani anatoza nini kwa ndoo moja na fedha ya matengenezo inakaa kwa nani. Akina mama wanajua kuendesha mfuko, vikoba vyao vina nidhamu kuliko kamati nyingi za vyuo. Kikundi kikiwa kimesajiliwa, kiulize kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo isiyo na riba ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimama mwaka 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Lile daftari la Mama Mwenyekiti ndilo atakalolipeleka mezani kuomba banda la pili. Na wakifika mahali pa kufungasha na kuuza dukani, waanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa barua ya utambulisho, maana alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, mjasiriamali mdogo huifikia kwa njia hiyo.

Wewe tafuta wawili wa mwaka wa pili, mmoja wao awe anayejua kusema na watu wa mwaloni bila kushika daftari mbele ya uso wao. Wapelekeni mwezi wa nne, wakati wa giza, walale huko, waamke na akina mama mitumbwi ikirudi. Uongozi uwakabidhi mwezi wa tano, pamoja na namba za siri za barua pepe ya mradi na jalada la risiti. Kisha kaa chini usome mitihani yako.

Barua ya kuomba muda iende wiki hii, Dokta awe amejibu au hajajibu. Asipojibu ndani ya siku tatu, mpelekee nakala iliyochapishwa ofisini kwake, na nyingine kwa mratibu.

Shangazi